Sauti Niliyoituma Kundini

Nilianza na matenga ya kabichi kichwani, kutoka mlimani hadi sokoni Morogoro, kwa miguu yangu hii. Darasa la nne niliacha katikati. Leo nina kiwanda cha matofali Kihonda na malori mawili, na wahandisi wenye vyeti vyao huniita bosi. Nayasema haya ili uelewe nilikuwa mtu wa namna gani siku ile binti yangu aliponisomea tangazo.

Chuo kimoja cha nje kilitaka mtafiti wa shahada ya uzamili katika isimu, mtu wa kurekodi na kuandika lugha za milimani ambazo wazee wanaondoka nazo. Ada inalipwa, posho ipo, nafasi ni moja. Mwombaji apeleke sauti ya mzee akizungumza, pamoja na karatasi ya ridhaa iliyosainiwa na wenye maneno hayo. Binti yangu alikuwa na shahada yake ya lugha na miaka miwili ya kuzungusha bahasha za maombi ya kazi, huku akifundisha kwa kujitolea.

"Bibi anaweza," akasema. Alimaanisha mama wa marehemu mke wangu.

Tulipanda kwa gari hadi barabara ilipoishia, tukamalizia kwa miguu ndani ya ukungu. Bibi alikubali, ila aliweka sharti. "Nampa mjukuu wangu kwa kuwa ni wa ukoo. Yakae kwake na kwa walimu wake." Kisha akaanza kuwaita wafu wa ukoo mmoja mmoja, kama wanavyoitwa kwenye tambiko. Kati ya jina na jina kulikuwa na maneno ambayo hata mimi, Mluguru, sikuyashika. Jina la mwisho lilikuwa la mke wangu.

Binti alirekodi kwa simu yake, na mimi kwa yangu, iwe akiba.

Ikabaki karatasi. Bibi hajui kuandika. Kaka wa mke wangu, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo ule, alikuwa shambani.

"Baba, tumsubiri mjomba."

"Aliyekulipia shule nani? Mjomba?"

Nikasaini mimi. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba unalea, mjomba anaamua. Nilijua hilo tangu utotoni. Nilidhani fedha yangu imeshalibadilisha.

Tuliporudi nikaituma ile sauti kwenye kundi letu la wauza vifaa vya ujenzi. Nikaandika chini yake: "Sikieni Kiluguru cha kweli. Binti yangu anakwenda kuwa daktari wa lugha." Pongezi zikamiminika. Mmoja akauliza, "Bosi, huyo bibi anaita mizimu au wateja?" Nikacheka naye.

Wiki ile haikuisha. Asubuhi moja nilikuwa kiwandani nahesabu matofali, nikasikia jina la mke wangu likiitwa kutoka ndani ya lori. Dereva wangu, aliyerushiwa na mmoja wa kundini, alikuwa ameifanya sauti ya bibi kuwa mlio wa simu. Nikamwambia atoe. Akatoa, lakini nikaacha kuhesabu, nikaenda kukaa ofisini.

Jumapili baada ya misa shemeji akaja. Hakukubali kiti.

"Shemeji, jana nimemsikia dada yangu akiitwa kwa kinyozi, Ngerengere. Watu wananyolewa, wanacheka."

"Nilikuwa na karatasi. Nilisaini."

"Ulisaini kama nani?"

Nikamsogezea tena kiti.

"Futa," akasema.

"Nimeshafuta."

"Na kule kwa kinyozi?"

Aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Kisha akanieleza hali ya bibi. Tangu apate habari hajasema neno. Amejifunga kanga mdomoni, anajibu kwa kichwa. Siku ya kwanza tu, kabla ya kunyamaza, alisema kwamba wafu wameitwa, wamekuja, na hakuna aliyewaambia shida ni nini.

Siku ya mwisho ya maombi ikafika. Binti alikaa mezani na kompyuta yake tangu asubuhi. Kila kitu kilikuwa tayari, sauti na ile karatasi yangu.

"Tuma, mwanangu. Hao wako mbali, watajuaje?"

"Karatasi inauliza wenye maneno ni nani, baba. Wewe si wa ukoo huu."

"Mimi ni baba yako."

"Ndiyo, baba."

Alisema kwa heshima kabisa. Akaandika kidogo, akabonyeza, akafunga kompyuta. Nikamuuliza amewapelekea nini.

"Nimewaambia nimejitoa, na sababu yake. Sauti nimefuta."

Mchana shemeji akasimama getini. Nilimkaribisha, hakuingia. Alimwita binti kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia, la kikwao, naye akaitika kama aliyelizoea.

"Bibi yako anakutaka, walioitwa bado wanasubiri. Chukua nguo za siku nyingi."

"Nitawapeleka kwa gari," nikasema.

"Wewe baki, shemeji."

Binti aliniachia simu yake mkononi, akasema hataihitaji huko. Nikasimama getini na malori yangu nyuma yangu, nikiwatazama wakielekea mlimani. Ukungu ulikuwa umeshuka chini kuliko kawaida ya saa ile. Hakuna aliyeniambia atarudi lini, nami sikuwa na haki ya kuuliza.