Pipa la Bibi wa Chanika

Tangu niache shule darasa la sita nimelala katika vyumba vingi, lakini ninachokikumbuka kwa upendo ni kile cha Chanika, Handeni, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja wa Kizigua aliyeuza maandazi.

Nilikuwa nimetoka Pangani kubeba nazi. Ufukwe wa kule ulijaa chupa za maji na vifuniko vya soda, nami nikawa nauliza kila mtu zinatoka wapi. Wenyeji wakanyoosha kidole kuelekea bara. Nikaufuata mto Pangani hadi Korogwe, nikaona mifereji ya mji inavyomwaga taka mtoni. Kisha kibarua kikanivuta Handeni, ambako makorongo nayo huishia baharini.

Mwaka ule ilitungwa sheria ndogo: ukitupa taka ovyo, faini. Yakaletwa stendi mapipa mapya ya plastiki, makubwa, yenye mifuniko. Kabla ya wiki kwisha hakukuwa na pipa hata moja stendi. Aliyeyaagiza hakuijua Handeni. Mahali ambapo bomba hukauka siku nyingi, pipa jipya lenye mfuniko halikai likisubiri maganda ya ndizi. La bibi lilikuwa nyuma ya jiko, limejaa maji. Nililibeba mimi.

Siku moja akaja bwana afya, kijana mgeni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu maji, jua kali."

Alikunywa nusu kikombe ndipo akaliona pipa.

"Bibi, haya maji umeyachota humo?"

"Kwani umeona taka?"

Kijana aliinamisha kichwa, akasema ametumwa kuyarudisha mapipa yote. Bibi akaketi. Bila pipa angerudi kwenye safari za alfajiri za kuchota maji lamboni, na magoti yake yalishakataa. Bila maji hakuna maandazi.

Nikajaribu kueleza, maana wizi ulikuwa wangu. "Bibi, mapipa yanahitajika kweli. Chupa za hapa nimezikuta baharini."

"Baharini? Mimi na umri huu sijafika, chupa imepata wapi nauli?"

Hata bwana afya alicheka. Bibi hakucheka. Alilitazama pipa lake, kisha akamgeukia bwana afya.

"Mnataka yasibebwe? Yatoboeni chini. Taka hazivuji."

Bwana afya akatoa daftari, akaandika.

"Na hili?" nikauliza.

Akamalizia maji yake kwanza. "Hili limeshakuwa la maji, nitalieleza hivyo ofisini. Lakini bibi, taka zako zisiende korongoni."

"Zitakwenda stendi kwa miguu ya huyu mwizi wangu."

Ikawa hivyo. Mapipa yakarudishwa stendi yakiwa yametobolewa. Kila jioni nilibeba mfuko wa taka za bibi, na baada ya siku chache za majirani pia, kwa kuwa yeye ndiye aliyenigawa kwao.

Safari hii mapipa hayakubebwa na mtu. Mvua ya kwanza ilitukuta stendi na beseni la maandazi, tumejibanza barazani kwa fundi cherehani. Pipa lililokuwa mbele yetu lilikuwa wazi, na maji yote ya mvua yaliyoingia juu yalitokea chini, yakamwagika barabarani.

Bibi akasonya. "Maji yote yale!"

"Si ushauri wako, bibi?"

"Ndiyo maana ushauri huo unaniuma," akasema, akanipa andazi, macho yake yakiwa bado kwenye matundu.