Mwisho wa Filamu ya Mwizi Aliyependa

Blanketi za kijivu zilizopigwa misumari kwenye madirisha ya ukumbi wa misheni zilikuwa na harufu ya sabuni ya kipande na moshi wa makaa, na jua la saa tisa lilipozichoma kwa nje, harufu ile ilishuka juu ya vichwa vyetu, ikachanganyika na vumbi na jasho la miguu mia. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya sinema, na hata leo nikipita nyuma ya nyumba ambako blanketi imeanikwa juani, nasimama kidogo kama mtu aliyeitwa. Mashine ilinguruma mithili ya cherehani ya mguu, na padri mzee alisimama pembeni yake, mkono mmoja mfukoni, mkono mwingine tayari. Nitasema baadaye ulikuwa tayari kwa nini. Aliyehudhuria katekisimu wiki nzima alipigwa muhuri kwenye kadi, na mwenye kadi iliyojaa ndiye aliyeingia Jumapili mchana. Yangu haikukosa muhuri hata mara moja. Msinisifu. Sikuwa namfuata Mungu, nilikuwa nafuata filamu, na nadhani Mungu mwenyewe alilijua hilo zamani.

Kilichonipeleka hasa ni Jumatatu. Mama yangu alikuwa mtu wa Kasenga, aliyezaliwa karibu na mto Luapula, na mpaka anakufa hakukubali kwamba samaki wa sokoni Lubumbashi ni samaki. Alisema ni kuni zenye macho. Lakini samaki si habari yangu leo. Habari yangu ni karanga, kwa sababu mama aliuza karanga za kukaanga, na kila kiangazi, baridi ya mwezi wa sita ikituuma masikio, magunia ya karanga zenye maganda yalijaa uani kwetu katika kambi ya wachimbaji wa shaba. Nani azimenye? Mama alikuwa na akili kuliko waliosoma. Aliweka sheria: mimi nasimulia filamu ya Jumapili, na kila anayetaka kusikia anakaa na kumenya. Masikio yanakula, mikono inafanya kazi. Nami nikajifunza kuigawa filamu moja siku tatu, ili warudi. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini nilijua kumwacha mtu mlangoni na bastola mkononi mpaka kesho yake.

Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Veronika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi na mmoja. Jumapili alikaa na bibi yake kwenye meza ya mandazi, kwa hiyo hakuwahi kuona filamu hata moja. Filamu zote zilizokuwa kichwani mwake zilipita kinywani mwangu. Fikirini hilo. Farasi wote aliowajua walikuwa farasi wangu. Alileta kigoda chake, akakiweka karibu na changu, na kichekesho kilipomzidi alinishika bega. Bega hili la kushoto, ambalo leo linaniuma mvua ikikaribia.

Sasa, kiangazi kile ikaletwa filamu ya mwizi wa benki. Ilikuwa hivi. Mtu mwembamba, koti limemzidi, anapita barabarani, anamwona msichana nyuma ya kidirisha cha benki, na moyo unamdondoka. Lakini ataingiaje? Hana akiba, hana barua, hana shughuli yoyote pale. Basi anaona njia moja tu ya kusimama mbele ya yule msichana, nayo ni kuiba. Anafunga leso usoni, anaficha mpini wa mwavuli ndani ya gazeti ili uonekane bunduki, anaingia. Msichana anamjazia mfuko. Yeye anamtazama, anamtazama, kisha anakimbia na kuusahau mfuko pale pale. Mara ya pili anakumbuka kuuchukua, lakini kesho yake anaurudisha, apate kumwona tena. Polisi wawili wanene wanamfukuza juu ya baiskeli moja. Mwishowe, kwa sababu polisi wamejaa kwenye ile benki, anaiba ya upande wa pili wa barabara, na hapo msichana anatoka nje, mikono kiunoni, amevimba kwa wivu, kama mke aliyesikia kwamba mume wake anakula kwa jirani. Ukumbi ulicheka mpaka vumbi likapanda. Halafu mwizi akaja mara ya mwisho, hana leso, uso wazi. Msichana akatoka nyuma ya kidirisha. Nyuso zikakaribiana. Na hapo mkono wa padri ukafanya kazi yake: ukafunika taa ya mashine, kama ulivyofunika kila mara nyuso mbili zilipokaribiana. Giza. Alipouondoa, maandishi yalikuwa yanapanda. Hakuna mtoto aliyeuona mwisho.

Jumatatu nikaanza, na nikaanza na kosa. Benki mimi nilikuwa sijawahi kuiona ndani. Nilichokijua ni kantini ya kampuni, ambako mama zetu walipanga mstari kila wiki mbele ya kidirisha kupokea posho. Kidirisha kile kile, mstari ule ule, mtu nyuma yake na kalamu sikioni. Basi nikasimulia kwamba mwizi aliiba posho. Nikamjazia mfuko unga, maharage na samaki mkavu, na hakuna aliyeshangaa. Mtoto mmoja aliuliza tu kama unga ulikuwa mweupe au wa njano. Veronika alicheka, akanishika bega. Ilikuwa siku nzuri.

Jumanne akaja Selestini. Baba yake alikuwa mtu wa Kasai, karani mjini, na walikaa nyumba ya matofali ng'ambo ya barabara ya kambi. Alikuja kununua karanga. Alivaa soksi. Wakubwa wetu waligombana na watu wa Kasai, mkoa wa mbali; mimi sikuwa na ugomvi na Kasai, nilikuwa na ugomvi na zile soksi, nyeupe, zimevutwa mpaka magotini, bila doa katika vumbi letu jekundu. Akasimama kusikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Ile haina kantini. Ile iko banki. Baba yangu anatumika mu banki."

"Weye nani amekuita?" nikamuuliza.

"Hakuna. Minasikia tu. Bantu banaweka feza yabo mule, banabachungia. Unga haiko mule." Yaani watu huweka fedha zao mle, na benki huwatunzia.

"Basi banakulaka nini?" akauliza yule mtoto wa unga, na wote wakacheka, lakini mama hakucheka. Mama alikuwa anatazama mikono ya Selestini, mikubwa, haina kazi.

"Mwana, kama unasikia, ikala, menya," akamwambia.

Akakaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa; mimi mwenyeji siku ile niliugua. Kwa sababu Veronika alimgeukia na kuuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza mimi: "Na ule bibi wa mu dirisha, alisemaka nini?"

Mimi sikujua Kifaransa. Midomo ya kwenye filamu ilitikisika, nami niliwapa maneno niliyoyataka. Selestini alijua, na Jumapili alikuwa ukumbini. Akasema, aibu imemjaa, "Mwizi akikimbia, ule bibi alimwita: Bwana, umesahabu mufuko yako."

Veronika aliangusha karanga zote za mapajani. Alicheka akilia. Na mkono ule, ukitafuta bega la kushika, ulishika la Selestini. Kigoda hakikusogea bado, lakini nilikiona kimeinama. Usiku ule sikula. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikonda kwa usiku mmoja.

Jumatano ilikuwa zamu ya mwisho wa filamu. Nilikuwa nimeupika tangu alfajiri. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, nami niliivuta mpaka karibu ipasuke. Nikasema mwizi alipokuja bila leso, msichana alimtambua: kumbe ana mke mji mwingine, na watoto watatu, na watu kama hao ndivyo walivyo, wanaongea vizuri, wanavaa vizuri, na kwao kuna mke. Niliposema "wanavaa vizuri" nilitazama soksi. Nikasema msichana akaita polisi, mwizi akafungwa, akafia gerezani, msichana akashukuru Mungu.

Zikasikika karanga tu. Veronika alikuwa amekunja uso. Akamuuliza Selestini, "Ni kweli?"

"Mi sikuona," Selestini akajibu, akimtaja padri kwa Kifaransa kama sote tulivyozoea. "Mon père aliweka mukono."

Nikaruka juu. "Munasikia? Hakuona! Kifaransa anajua, macho hana!"

Veronika akanitazama polepole, kama mtu anayechagua nyanya. "Basi weye, Mwape, njo uliona kupita mu mukono ya mon père?"

Walicheka mpaka mama naye akacheka, mama yangu mwenyewe, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Macho yake inatoboa mukono!" mmoja akapiga kelele. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale pale penye kigoda. Na kigoda chenyewe? Veronika alikiinua, akazunguka rundo la maganda, akakiweka upande wa pili. Kisha akasema, "Selestini, haukuona, tunajua. Lakini unawaza ilienda namna gani?"

Selestini hakuwa msimulizi. Aliongea kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alimenya karanga mbili, tatu, kisha akasema: "Minawaza ule mwizi alirudia mu banki kesho yake. Akapanga mulongo na bantu bengine. Akangojea. Zamu yake ikafika, akamuuliza ule bibi jina."

Basi. Hivyo tu. Hakuna aliyecheka, na Veronika alishika karanga moja bila kuimenya. Mimi niliyekuwa nimeshinda njaa nikipika uongo nilijua papo hapo, kama unavyojua umekatwa kabla damu haijatoka, kwamba ule ulikuwa mwisho mzuri kuliko chochote nitakachotunga maisha yangu yote. Kupoteza bega la msichana kunauma, lakini kunapita. Lile neno la "akamuuliza jina" halikupita. Mwaka uliofuata baba yake alihamishwa, wakaondoka na treni. Veronika akaolewa baadaye na fundi wa magari, mtu mwema, na kigoda chake hakikurudi kwetu. Nilifurahi Selestini alipoondoka. Nasema ukweli, nilifurahi.

Na tangu hapo nimeisimulia ile filamu miaka yote hii, matangani, kwenye foleni ya maji, kwa wagonjwa hospitalini, na kila mara naimaliza kwa mwisho wa Selestini. Siku hizi wasikilizaji wamepungua. Hapa nyumbani wajukuu saba wanakaa uani, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na filamu yake, na hakuna mkono unaofunika chochote. Wanaona kila kitu mpaka mwisho, wanacheka peke yao, masikio yamezibwa. Zamani nilijua wivu wangu unaelekea kwa nani. Leo nauliza, "Munacheka nini?" wananijibu, "Iko murefu, babu," na sijui nimchukie nani.

Juzi niliwasimulia, wakitaka wasitake. Sita hawakuinua kichwa. Mmoja, msichana, aliondoa vile vitu vya masikioni, akaweka simu chini, akanisikiliza mpaka pale kwenye mstari, mpaka kwenye jina. Halafu akaniuliza, "Babu, ile mwisho, ni weye uliiwaza?"

Niliitazama simu yake pale chini, ikiwakawaka. Nikamwambia ndiyo, ni mimi.