Nyundo Iliyoitwa Bibi

Ko! Pigo moja la mti juu ya meza, kisha kimya. Hivyo ndivyo mkerezaji, fundi wa kuchonga mbao kwenye mashine ya kuzungusha, alivyoikumbuka mikutano yote ya chama cha maseremala.

Nyundo ya mwenyekiti ilikuwa ya mti mtupu, na hakuna aliyeiita nyundo. Waliiita bibi. "Bibi kasema," walinong'ona, na ubishi ukaisha. Mjomba wa mkerezaji, fundi mstaafu wa kupaka vanishi, alijua jina lilikotoka. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa bibi mmoja fundi viti, mwenye sauti ndogo kama ya kifaranga. Alipochoka kuwaomba watu watulie, aligonga meza kwa nyundo yake ya kupigia patasi. Alipofariki, nyundo ikarithi jina.

Bibi huyo wa mti sasa alikuwa ameliwa na mchwa, na mwenyekiti mpya alikuwa mkerezaji huyu, mwanamke ambaye hata wanawe humwambia, "Mama, sema kwa nguvu."

"Watanipanda kichwani, mjomba. Hawatanisikia."

"Wamekuchagua wakikujua."

"Wamenichagua kwa kuwa sibishani na mtu."

"Basi kereza bibi mpya, mwanangu, uache kunililia."

Akakereza. Kichwa cha mviringo, mpini mwembamba, akaisugua hadi ikang'aa. Asubuhi ya mkutano akapigilia haraka kabari ya kukaza mpini.

Ukumbi ulivuma kama kiwanda cha mbao. Mafundi milango na mafundi vitanda waligombea zamu za mashine ya randa. Mwenyekiti akagonga meza. Kichwa cha nyundo kikapasuka, na kipande kikabingiria hadi miguuni pa fundi milango mmoja, jitu la kifua kipana.

Akakiokota, akakigeuza. "Jamani! Kabari imefuata uzi wa mbao, kichwa lazima kipasuke! Hata anayeanza kazi leo hafanyi hivi!"

"Mwenyekiti kamuua bibi!" akadakia fundi vitanda mmoja.

Kicheko kikatikisa madirisha. Mkerezaji alitamani ardhi immeze. Lakini kosa lilikuwa wazi mno, la kipuuzi mno, naye akajikuta anacheka pamoja nao. Kisha midomo yake ikasogea.

"Anasemaje?" aliuliza fundi milango. "Hebu nyamazeni, mama anasema!"

Viti vikakwaruza sakafu. Watu wakainama mbele, wengine wakizuia hata kikohozi. Kutoka mlangoni, mjomba alimwitikia kwa kichwa.

"Nimekosea, nitakereza nyingine," alisema mkerezaji, kwa sauti ileile ndogo ya kuwaudhi wanawe. "Haya, fundi milango, anza wewe. Tunakusikiliza."