Baba Bado Anauliza "Upo?"

Bwana Mhariri, na ninyi wasomaji wenzangu, nawaamkia wote, wakubwa, shikamooni. Nashukuru ukurasa huu unaficha majina, maana haya yakijulikana hapa Kintinku sitakuwa na pa kuuweka uso wangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, nina mke, kazi yangu ni kupakia mizigo stesheni. Lakini raha yangu ni Jumamosi, kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, nikichonga vigoda na baba. Hatuuzi. Akioa mtu, tunampa. Mkono wa kushoto wa baba ulirudi kutoka vita vya Bama, vile vya kupigana na Wajapani, hauna nguvu, kwa hiyo mimi nashika gogo, yeye anapiga tezo. Kabla ya kuanza huuliza, "Upo?" Nami naitika, "Nipo, baba." Tangu nikiwa kijana ulikuwa utani wetu tu.

Siku hizi anauliza kila pigo. Mimi mjinga nikawa nacheka, nasema uzee huo. Kumbe mzee haoni! Anasikiliza sauti yangu ili ajue mikono yangu iko wapi.

Jumamosi iliyopita alipiga, tezo likapita na ukucha wa kidole gumba changu pamoja na nyama yake. Niliuma meno, sikutoa sauti. Baba akapapasa gogo, kiganja kikaloa damu. Akasema, "Mti huu bado mbichi, unatoa maji. Tuuache ukauke, tutaendelea Jumamosi ijayo."

Jamani! Nami nikajibu, "Ndiyo, baba, mbichi."

Mtaniuliza kwa nini nisipige tezo mimi. Kwetu tezo la baba halishikwi na mwanawe baba akiwa hai, ukilishika umeshamzika. Juzijuzi nilimgusia tu habari za daktari wa misheni, akafoka, "Macho yangu yamekukosea nini? Au umechoka kushika, useme?" Asubuhi yake nilimwamkia, shikamoo yangu hakuiitikia. Iliniuma kuliko hiki kidole.

Mama anajua. Alinifunga kitambaa, halafu akaniambia, "Usimvunje moyo baba yako. Amebakiwa na nini zaidi ya kile kibanda? Kama unaogopa, Jumamosi nitashika mimi."

Nilikasirika. Mikono ya mama ndiyo inayotusagia mtama! Nikamwambia asithubutu, nitashika mwenyewe. Nimesema hivyo, lakini naogopa, Mungu ananiona.

Nishaurini, wenzangu, nifanye nini? Nimwambie mzee kwamba haoni, nimzike anapumua, au niendelee kuitika mpaka vidole viishe? Gazeti hili mimi ndiye ninayemsomea. Anasema miwani yake imepotea, nami nimejifanya naamini. Barua hii nitairuka. Lakini majibu yenu nitamsomea yote, kama shauri la watu wa mbali kwa mtu mwingine, kwa sababu kinywa changu mwenyewe kimeshindwa.

Kwa hiyo andikeni kwa heshima, tafadhali. Mzee atakuwa anasikiliza.