Binti wa Hesabu za Moshi Aliyesahau Kuwa Ilikuwa Ramadhani

"Shikamoo yako siitaki."

"Mama Ashatu, nisikilize kwanza."

"Nikusikilize mara ngapi? Si nilikusikiliza mwaka jana? Ulikuja na ramani yako, kijani huku, kijani kule, Mlingotini yote kijani kama tuta la mchicha. Ukasema moshi hautufikii. Haya, ingia ndani umsikilize mwanangu anavyopumua, uniambie kile kifua nacho ni kijani!"

Ni saa moja asubuhi, uani kwa Sada Bwanaheri, yaani Mama Ashatu, mkulima wa mwani kijijini Mlingotini. Binti anayefokewa, aliyeshika ncha ya mtandio utadhani itamponyoka, ni Nadhira Hamoudi, miaka ishirini na tisa, wa Bagamoyo mjini. Kiti hajapewa. Na hata angepewa, asingekaa.

Moshi wenyewe haujaondoka. Unatoka kiwanda cha mkaa wa vifuu vya nazi kilichopo upande wa barabarani, umelala chini chini kati ya nyumba na nyumba, unachoma macho.

Kazi ya Nadhira ni kusema moshi utakwenda wapi kabla haujatoka. Anaipa kompyuta urefu wa bomba, joto la tanuri, saa za kuchoma na upepo wa mwaka mzima. Kompyuta inajenga kijiji cha bandia, inakipulizia upepo wa bandia, inamwaga moshi. Ikimaliza inatoa ramani ya rangi. Kijani, watu wako salama. Nyekundu, hatari.

Kaajiriwa na ofisi ndogo ya ushauri wa mazingira, mshahara laki saba. Kompyuta ya kazi anaiweka nyumbani, chumba cha juu ya duka la vitambaa la baba yake, na ikianza kupiga hesabu inanguruma mpaka wateja wa chini wanauliza kama kuna cherehani.

"Baba huwaambia watu, mie nauza kanga, binti yangu anauza upepo, na mwenye faida ni yeye," anasema Nadhira. Anacheka kidogo, kisha anaacha. Tangu mwezi uliopita hapendi kuchekacheka.

Mwezi huo alikuja Mlingotini kwenye harusi, akalala. Alfajiri akaamka kuswali, akafungua dirisha. Moshi ukaingia kama mwenye nyumba.

"Nilidhani kuna jiko la pilau. Nikachungulia, hakuna jiko. Ulikuwa wa kiwanda, na mimi ndiye niliyesema hautafika."

Hakusubiri chai. Alikwenda kwa miguu mpaka kwenye geti la kiwanda, na mtandio wake wa harusi, akamuuliza mlinzi kama wanachoma usiku.

"Dada, usiku ndiyo kazi," mlinzi akamjibu. "Jua la mchana na tanuri juu yake, nani ataweza?"

"Mbona nilipokuja kukagua lile tanuri la majaribio mlikuwa mnachoma mchana?"

Mlinzi akamwangalia kama mtu anayeuliza leo ni siku gani. "Si ilikuwa Ramadhani? Watu wana futari, wana tarawehe, wana daku. Mwezi ule tunawasha asubuhi, alasiri tunazima. Wewe hukufunga?"

Alifunga. Hapo ndipo panapomuuma. Siku ile ya ukaguzi midomo ilikuwa imemkauka, saa kaiangalia mara mia, mama kamwagiza tambi za futari. Akaona tanuri linazimwa alasiri, akaandika alasiri, akapanda gari. Saa za mwezi mmoja mtukufu akazipigia hesabu ya mwaka mzima.

Na saa ndizo zilizoharibu kila kitu. Mchana upepo unatoka baharini, unausukuma moshi porini kusiko na mtu. Usiku unageuka, unatoka bara, mwembamba, hauna nguvu ya kuuinua. Unaukokota tu mpaka kijijini.

"Mgeni angekosea ningemsamehe," anasema. "Mimi nimezaliwa Bagamoyo. Naijua Ramadhani, naujua na upepo wa usiku. Nilikuwa na haraka tu."

Alirudia hesabu kwa saa za kweli. Mlingotini ikatoka nyekundu, kuanzia shule mpaka kwenye vichanja vya kuanikia mwani. Akampelekea bosi wake, Muzammil. Anasema bosi alizitazama zile rangi, kisha akafunga mlango.

"Wenye kiwanda ndio waliokukosesha, kwa nini hawakukwambia?" alimwambia. "Ripoti imeshapokelewa. Ukienda kuitangaza hii ramani mpya, usirudi hapa."

Leo kaja kuitangaza, na kaanzia kwa Sada kwa makusudi. Kwenye mkutano wa mwaka jana wanakijiji walisita, mpaka Sada aliposimama akasema huyu ni mtoto wa Hamoudi wa duka la vitambaa, watu wa haya, hawezi kutudanganya. Mikono ikanyanyuka. Kiwanda kikajengwa.

"Sasa nikienda kufunga mwani wenzangu wananihama," Sada anasema, sauti imeshuka. "Wanasema nilihongwa. Nilihongwa nini mie? Hata soda!"

"Nilikosea, Mama Ashatu. Sikudanganya, lakini nilikosea, na ni kosa la uzembe. Saa nilizoandika zilikuwa za Ramadhani." Nadhira anaifungua ile ramani mpya. "Jumamosi kuna mkutano. Nitasimama niseme mbele ya kila mtu. Nataka wenye kiwanda walazimishwe kuchoma mchana mwaka mzima. Nimepiga hesabu, inawezekana."

"Na ajira yako?"

"Itakwenda."

Sada anaiangalia ile nyekundu. Anaweka kidole juu ya nyumba yake, anakiondoa upesi kana kwamba imemuunguza. Ndani, Ashatu anakohoa, kikohozi kikavu, kirefu.

"Jumamosi," Sada anasema. "Mwanangu anakohoa Jumamosi peke yake?"

"Mkutano ndio umepangwa..."

"Wenye vifua hawa hapa, maji yamekupwa, wote wako pwani na mwani wao. Unawangoja wavae nguo za mkutano ndiyo uwaambie?"

"Twende wote basi. Wewe wanakujua."

"Thubutu! Mimi nilishakusemea mara moja, na mpaka leo nalipia. Nenda na mdomo wako."

Nadhira anatazama pwani. Uso umemwiva. Kule chini wanawake wanapigana vijembe na kucheka, hawajui bado. Anaikunja ramani, anaikunjua tena, anaiacha wazi mkononi, rangi nje.

Kisha anageuka, anashuka kuelekea pwani.