Siku Nilipoimwaga Flashi Mbele ya Wakwe

Siku ile walikuwepo Rehema, mdogo wangu, ndiye aliyekuwa anaolewa. Shangazi yetu Bi Somoe, mwenye turubai na mwenye sauti. Saidi, bwana harusi, na ndugu zake waliovuka kutoka Songo Mnara wamependeza kwelikweli. Majirani zetu wa Nangurukuru. Na Bakari, ambaye mimi sikumwalika. Nawataja mapema kwa sababu aibu ile siwezi kuibeba peke yangu, acha tugawane.

Mimi ni Athumani, nina kibanda pale stendi, naingizia watu nyimbo na filamu kwenye simu na kusafisha picha. (Shule niliacha darasa la sita wazazi walipofariki, Rehema akiwa bado anatambaa.) Kompyuta yangu diski yake ilikufa zamani, fundi akaniwekea mfumo mzima kwenye flashi, kwa hiyo flashi ikiwemo ni kompyuta, ukiichomoa ni sinia. Fundi alinionya: "Hii ni nyumba ya chumba kimoja, mfumo unalala humo na mizigo yako inalala humo humo. Usiijaze ikakosa pa kupumulia." Nikaitikia vizuri, halafu nikaijaza.

Rehema hakuwa na ombi kubwa. Alitaka picha ya mama ionyeshwe kwenye runinga mbele ya wageni, ili mama naye awe amehudhuria. Picha yenyewe ni moja tu, mama kasimama mlangoni anacheka, mdomo kaufunika kwa mkono. Ya karatasi ililiwa na mchwa, iliyobaki ilikuwa ndani ya flashi.

Basi nimeshaunganisha kompyuta na runinga, watu wamekaa mikekani, kaka mkubwa wa Saidi akaninyooshea simu: "Shemeji, na sisi tuna picha za bwana harusi akiwa mdogo, zitaingia?" Ningesema hapana, yangeishia hapo. Nikasema kwa sauti, "Leteni, nafasi ipo tele!" (Sijui nilikuwa najivunia nini, haikuwepo hata ya picha ya kuku.)

Kompyuta ikakataa, imejaa. Nikaanza kufuta, nimesahau kwamba ninachokiona mimi wanakiona wote, nafuta filamu, nafuta nyimbo, shangazi anapiga kelele, "Hiyo taarabu iache, we Athumani!", nafuta nyingine, na nafasi haiongezeki, kumbe kila ninachokifuta kinakwenda kukaa kwenye pipa la taka, na pipa lenyewe limo humo humo ndani ya flashi, sawa na kutoa sanduku uvunguni ukalisukumia nyuma ya mlango. Mara ikafunguka folda ya picha, na za kwanza zilikuwa zangu: Athumani kavaa miwani ya mteja, Athumani kaegemea gari la mteja, Athumani kakunja ndita kama tajiri. Turubai zima likaangua kicheko.

"Usiifute hiyo, shemeji, tumeipenda!"

"Kumbe ana gari, na mahari mmetutoza vile!"

Kwa aibu nikachagua picha zote kwa mpigo nikazitupa, nikijiambia nitazitoa pipani baadaye. Kaka yake Saidi, kwa nia njema kabisa, akasema, "Lakini kilichojaa si hilo pipa? Limwage." Nikalimwaga.

Nafasi ikapatikana. Watu wakapiga makofi na mimi nikatabasamu (Mungu anisamehe), mpaka Rehema aliposema taratibu, "Kaka, sasa tuonyeshe mama."

Nikafungua huku, nikafungua kule. Ilikuwa imekwenda na zangu pipani. Rehema alielewa kabla sijasema neno, akashusha ushungi usoni. Nimemlea mtoto yule kwa karanga za kuuza stendi, sikuwahi kumwangusha, nikaona nimemwangusha siku aliyoomba kitu kimoja tu.

Hapo akasimama Bakari, kutoka nyuma kabisa. Bakari ana kibanda mkabala na changu. Printa yangu ilipoharibika nilimpelekea flashi anichapie picha, akanyonya kila kilichomo, akabaki na nakala kwenye kompyuta yake, kama tunavyofanya wenye vibanda wote (na mimi nikiwemo), nami nikamwita mwizi stendi nzima ikisikia.

"Athumani, acha kutafuta," akasema. "Flashi yako yote ninayo."

"Sasa unasubiri nini, mwanangu?" shangazi akamfokea. "Kimbia!"

Akaenda na pikipiki, akarudi na flashi yake, na mama akatokea kwenye runinga, mkono mdomoni, utadhani ndiye aliyekuwa akiicheka miwani yangu. Vigelegele vikapigwa. Rehema hakupiga, alisogea tu akagusa kioo.

Kesho yake nilimpelekea Bakari sinia la pilau, nikamwomba radhi pale pale stendi, kwa sauti ile ile niliyomtukania. Nikamuuliza nimlipe nini.

"Mama yangu hakuacha picha," akasema. "Ndiyo maana nanyonya flashi za watu. Alipenda harusi kupita kiasi, lakini alikuwa anakaa nyuma, kwenye masufuria. Ana mwanya. Huenda yumo kwenye harusi ya mtu. Ukimwona, niite."

Flashi yangu siijazi tena, naapa, na picha ya mama ipo kwangu, kwa Rehema na kwa Bakari. Mteja akileta mkanda wa harusi ya zamani namwomba ruhusa, kisha bibi harusi namtazama mara moja tu, macho yanakwenda nyuma, kwenye masufuria. Nikimwona mama mwenye mwanya namwita Bakari. Anavuka barabara mbio, anainama, anaangalia sana, halafu ananigonga begani.

"Siye. Endelea."