Wazee Wangu Walinuniana Miaka Sita, Tukawapandisha Meli

Siku ya tatu baharini nilimsikia mama yangu akicheka na baba yangu.

Najua unajiuliza hapo kuna ajabu gani.

Ajabu ni kwamba wazee wangu walikuwa na mwaka wa sita hawasemeshani. Nyumba moja, meza moja, kitanda kimoja, na hakuna anayemwambia mwenzake hata "sogea kidogo".

Ngoja nianze mwanzo.

Baba alikuwa mwalimu wa udereva. Mama alikuwa mpiga chapa wa mahakama, na alipostaafu akasema na yeye sasa anataka kuendesha gari. Baba akakubali kumfundisha. Siku ya nne, mbele ya majirani, Baba akatamka kwamba mke wake anashika usukani kama mtu aliyebeba sinia la vikombe.

Majirani wakacheka.

Mama akazima gari katikati ya barabara, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Kuanzia hapo, kimya.

Sasa mimi ni fundi friji. Kazi yangu ni kuinama nyuma ya mafriji ya watu, mikono imejaa vumbi na mafuta. Simu inaita. Ni Baba. Anataka nimpigie Mama nimuulize miwani yake ya kusomea iko wapi.

Mama yuko wapi? Chumba cha pili.

Nampigia. Anasema nimwambie baba yangu miwani iko kichwani kwake.

Nampigia Baba. Nasikia anajipapasa. Anakata simu, hata asante hakuna.

Hiyo ndiyo ilikuwa ajira yangu ya pili kwa miaka sita, mimi na dada yangu. Dada ni mkubwa kwangu, yuko ofisi ya tiketi za safari, na tangu utotoni tunamwita Hakimu kwa sababu akishasema amesema. Kila Jumapili mmoja wetu alikwenda kwa wazee kusuluhisha, kwa zamu. Wiki hii mimi, wiki ijayo yeye. Tulileta shangazi, tukaleta mjomba, tukaleta hadi kiongozi wa dini. Wapi.

Mwaka huu Hakimu akanipigia na habari. Ofisini kwao wafanyakazi wamepewa nafasi za safari ya meli kwa familia zao. Siku saba, visiwa vitatu, jua na mchanga mweupe. Akasema katikati ya bahari simu hazishiki. Tunawaweka wazee chumba kimoja, hakuna wa kumtuma, watake wasitake watafungua midomo.

Nikamwambia hapo umeongea kama hakimu kweli.

Meli yenyewe ilikuwa na ghorofa kumi na mbili, mtaa mzima unaelea. Mimi, mke wangu na watoto wawili tulikuwa ghorofa ya tano. Watoto walijitosa kwenye bwawa siku ya kwanza na tuliwaona tena wakati wa kula tu. Hakimu alipewa chumba chini kabisa, karibu na injini. Wazee tukawapa ghorofa ya nane, chumba kizuri chenye kibaraza cha kutazama bahari.

Simu hazikushika kweli.

Ila kuna kitu hatukukipigia hesabu. Miguu yetu ilikuwa inafanya kazi.

Mama yuko juu kabisa kwenye viti vya jua, ananiita nikamwambie Baba avae kofia. Baba yuko chumba cha magazeti ghorofa ya tatu, anasema nikamwambie Mama kofia ameikalia yeye. Lifti zimejaa watu na mataulo yaliyolowa, basi ni ngazi. Ghorofa tisa kupanda, ghorofa tisa kushuka. Nilipanda meli na kitambi changu cha heshima, siku ya pili mkanda wa suruali ukaongezwa tundu.

Siku ya tatu Mama akanituma nikamuulize Baba kama amemeza dawa ya presha. Nikashuka hadi chumba cha magazeti, hayupo. Nikapanda hadi chumbani kwao, nikagonga, kimya. Nikaanza kupata wasiwasi. Mzee wa watu, presha, hajibu.

Chumba cha jirani kilikuwa wazi, mhudumu anabadilisha mashuka. Nikamwomba nipite kibarazani nimchungulie baba yangu. Vibaraza vya meli vimetenganishwa na ubao mwembamba wa plastiki tu. Nikasogea.

Nikasikia sauti ya Baba. "Huyu umemtuma wapi?"

Na sauti ya Mama, ambaye nilimwacha juu dakika kumi tu zilizopita. "Ghorofa ya tatu, akutafute wewe."

"Hizo ni pointi tatu tu. Mimi jana nilimpeleka Hakimu kwa daktari wa meli, akaulize kama bahari ina mbu."

Mama akacheka mpaka akapaliwa. Baba akampigapiga mgongoni, taratibu mke wangu, taratibu.

Mke wangu.

Nilishikilia reli ya kibaraza kama mtu anayetapika. Mhudumu akaniuliza kama nahitaji kidonge cha bahari.

Nilimwambia mke wangu kwanza. Alikuwa anapaka watoto mafuta ya jua, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Ina maana wazee wamewafuga nyinyi." Akaendelea kupaka.

Halafu nikamtafuta Hakimu. Tukakutana chumba cha kufulia cha abiria, ghorofa ya pili, mahali ambapo wazee wasingefika. Hakuniamini. Akapanda mwenyewe kusikiliza. Alirudi baada ya nusu saa amekunja uso, akakaa juu ya mashine ya kufulia.

Akasema alipanga foleni kwa daktari saa nzima kati ya watu waliokuwa wanatapika kwenye mifuko, kwa ajili ya mbu.

Nikacheka. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Na yeye akaanza. Tulicheka hadi mashine nayo ikaanza kutetemeka.

Alipopata pumzi akanyoosha kidole. "Kuanzia chakula cha jioni, mimi na wewe hatusemeshani."

Mezani Hakimu akaanza. Akamwomba Mama amwambie mdogo wake asogeze chumvi. Chumvi ilikuwa kwenye kiwiko changu. Mimi nikamgeukia Baba, nikamwomba amwambie dada yangu kwamba chumvi nyingi haimfai mtu wa umri wake. Hakimu aling'ata shavu kwa ndani mpaka machozi yakamlengalenga, na wazee wakadhani analia.

Wakatazamana. Halafu wakakumbuka kwamba wao hawatazamani, kila mmoja akarudi kwenye sahani yake.

Kesho yake tukawapa dozi yao. Mimi nampa Baba ujumbe aupeleke kwa Hakimu kule kwenye injini. Hakimu anampa Mama jibu alilete kwangu juu bwawani. Nani amekosea nani, hatukusema. Kila wakiuliza tunajibu, yeye anajua alichonifanyia. Mama alianza kushika kiuno ngazini. Baba aliacha magazeti.

Na kila alasiri mimi na Hakimu tunaonana kisirisiri chumba cha kufulia, kupanga safari za kuwatuma.

Sasa hapa ndipo palinishangaza.

Mipango ilikuwa ya dakika kumi. Tunabaki pale saa moja, saa moja na nusu, mashine zinazunguka nguo za watu. Hakimu akaniambia mwaka jana aliugua, wiki nzima kitandani, hakuna aliyejua. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia. Akasema alinipigia, nikamwambia niko juu ya ngazi, tutaongea Jumapili. Jumapili tukaongea. Tukaongea habari za wazee.

Nikamweleza na mimi nilivyowahi kuanguka kutoka ngazi hiyohiyo na kulazwa siku mbili. Naye hakujua. Baadaye nikamuigizia nilivyoanguka, akacheka, na mama mmoja aliyekuja na kikapu cha nguo akatuuliza tuna miaka mingapi kwenye ndoa.

Siku ya sita tukashuka kisiwa cha mwisho. Jua kali, mchanga unaunguza nyayo, maji ya buluu kama yametiwa rangi. Mimi nikachukua mwavuli mwanzo wa ufukwe. Hakimu akaenda kukaa mwisho kabisa, kwenye miamba. Baba yuko katikati kwenye kiti cha kukunja.

Nikamtuma Mama akamwambie dada yangu amechukua taulo langu. Akaenda. Akarudi na jibu kwamba ni lake. Nikamtuma tena, aangalie pembeni lina doa. Akaenda.

Safari ya tatu hakufika.

Alisimama katikati ya ufukwe, akavua ndala, akakaa chini kwenye mchanga na lile gauni lake zuri. Akajifunika uso kwa viganja.

Baba akainuka kitini. Akatembea mpaka alipo, mbele ya macho yetu, mbele ya meli nzima, akainama.

"Mke wangu, inuka. Utaungua."

Mimi nikakimbia kutoka upande wangu, Hakimu kutoka wake. Tulipofika Mama akasema neno moja tu, kaeni. Tukakaa, watu wazima wawili, kwenye mchanga wa moto.

Akatueleza yote. Walikosana kweli. Siku kumi na moja, hasira za kweli. Siku ya kumi na mbili Baba akaomba msamaha, wakapatana, wakawa wamekaa wanakunywa chai. Mara wakasikia geti. Ni mimi na Hakimu, tumekuja pamoja, nyuso za msiba, kuokoa ndoa.

"Mlikuwa hamjaja mwaka na miezi miwili," Mama akasema. "Siku ile mkakaa mpaka jioni. Mkala. Mkaosha vyombo. Baba yenu akaniangalia, nikamwangalia. Tukanuna tena."

Hakimu akamgeukia Baba. "Kwa hiyo miaka yote mlikuwa mnatudanganya."

"Mlikuwa mnakuja," Baba akajibu.

Nikaona bora na sisi tutapike letu. Nikasema ugomvi wetu ni wa uongo, tuliwasikia kibarazani, tulikuwa tunalipiza. Nilitegemea Mama anirushie ndala.

Hakurusha.

"Sisi tuliamini palepale," akasema. "Unajua kwa nini? Kwa sababu sikuona tofauti. Miaka mingapi nyinyi mnaongea habari zetu tu? Siku sisi hatupo, mtapigiana simu mwulizane nini?"

Mtoto wa watu akapita mbio na ndoo, akammwagia Baba maji miguuni. Baba hakusogea.

Hakimu ndiye aliyenyoosha mkono, akamsaidia Mama kusimama, akaanza kumpangusa mchanga kwenye gauni. Hakumaliza haraka.

Safari ya kurudi wazee walijiachia. Kutembea wameshikana mikono, aiskrimu moja vijiko viwili, Baba anamlisha Mama mbele ya wajukuu bila haya. Mke wangu akasema afadhali walivyokuwa wamenuna.

Tukarudi nyumbani, kila mtu kwenye kazi zake. Simu yangu ikawa baridi. Nilijikuta naitazama katikati ya kazi, hakuna wa kuuliza miwani.

Alhamisi Mama akanipigia, yeye mwenyewe, akasema nije Jumapili saa nne kamili.

Nikafika saa nne. Nikamkuta Hakimu amekaa kwenye ngazi ya mlangoni. Na yeye ameitwa saa nne kamili. Amegonga, hakuna mtu.

Nikampigia Baba. Akasema samahani sana mwanangu, wametoka kidogo kunyoosha miguu na mama yako, wako mbali, tukae tu hapohapo tuwasubiri. Akauliza kama dada yangu amefika. Nikasema amefika.

Halafu akakohoa.

Kile kikohozi nilikisikia mara mbili. Mara moja kwenye simu, na mara moja nyuma ya mlango.

Nikamtazama Hakimu. Amekisikia. Akaweka kidole mdomoni.

Nikamwambia Baba wasiwe na haraka. Nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi pembeni ya dada yangu. Akanisogezea nafasi. Akaniuliza mgongo wangu unaendeleaje tangu nianguke.

Tulikaa pale saa mbili. Kwenye saa ya pili harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikaanza kutoka dirishani, njaa imewashinda waliojificha. Tukajifanya hatuisikii, tukaendelea na maongezi yetu.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama kwenu kuna kesi ya wazee isiyokwisha, kabla hujaita kikao kumbuka kwanza ni lini mara ya mwisho ulikwenda kwao bila kesi. Ukishapata jibu mpigie ndugu yako. Muulize habari zake yeye.

Na kama yuko juu ya ngazi, mwambie ashuke.